Kumtegemea Mungu wakati wa dhiki ni kufanya nini hasa?

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, maneno "namtegemea Mungu" hayasemwi tena hapa Mombasa kwa wepesi wa zamani. Zamani mtu akisema "mimi nimemwachia Mungu" aliitikiwa "amina", mazungumzo yakaendelea. Siku hizi kuna atakayemtazama mara mbili. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na watoto walikuwemo wengi mno. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyedaiwa kuwaambia waumini wake wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, alifikishwa kortini, baadhi ya mashtaka yakisikizwa papa hapa Shanzu, naye akayakana. Kila kesi hiyo inapotajwa redioni, mjadala hufufuka: maskani, ndani ya matatu za Mtwapa, kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia.

Mjadala wenyewe una pande mbili. Kuna wanaosema imani ndiyo iliyowaua wale watu, kwa hiyo mwenye akili zake ajitegemee mwenyewe. Na kuna wanaojibu kwamba wale walipotoshwa, lakini mwenye imani ya kweli hapatwi na baya, Mungu humkinga. Ukiwasikiliza kwa utulivu utaona wagomvi hawa wamekubaliana jambo moja bila kujua: kwamba kumtegemea Mungu maana yake mja akae, Mungu azuie mabaya yasimfike. Mmoja anasema dawa hiyo haifanyi kazi, mwenziwe anasema inafanya. Lakini dawa yenyewe haikuandikwa na Kurani wala na Biblia. Wanagombania kitu ambacho vitabu vyao havikukifundisha.

Tukubaliane maana kwanza

Imani ni kumsadiki Mungu: kwamba yuko, anaona, na hasemi uongo. Mtu anaweza kuwa nayo akiwa amejinyoosha kitandani. Kutawakali, ndiko kumtegemea Mungu, ni imani hiyo ikitiwa kazini siku ya shida. Umefanya lililo katika uwezo wako, na lile usiloliweza unalikabidhi kwake badala ya kulibeba kifuani usiku kucha. Kumjaribu Mungu ni jambo jingine kabisa. Huko ni kujitia hatarini makusudi, au kuacha la kufanya hali unalijua, ili Mungu alazimike kuonyesha kwamba yupo. Kwa macho watu hawa wawili hufanana, maana wote watakwambia "Mungu yupo". Tofauti yao iko katika kile wanachofanya kabla na baada ya kusema hivyo.

Usalama anaoutafuta mtu kwa Mungu nao una sura tatu, na heri zitenganishwe mapema. Upo usalama wa mwili na mali: feri isizame, mtoto apone, kazi ya bandarini isikatwe. Upo wa moyo: shida iko pale pale, lakini unalala, unakula, unafikiri sawasawa. Na upo wa mwisho wa mambo: hata kifo kikija hujapotea, kuna anayekupokea. Vitabu vyote viwili vinautaja ule wa kwanza na vimejaa visa vya watu waliookolewa. Lakini anaoahidiwa mwamini nyakati zote ni wa pili na wa tatu. Zaburi ya 23 haisemi kwamba bonde la uvuli wa mauti litaondolewa njiani. Inasema "Naam, nijapopita", na sababu ya kutoogopa ni kwamba "Wewe upo pamoja nami". Sura Ar-Raad, aya ya 28, inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Imezungumzia nyoyo, haikutaja mawimbi.

Mkanganyiko mwingi wa siku hizi, kwa maoni yangu, unatoka hapo. Mtu anaahidiwa usalama wa kwanza kwa aya zinazozungumzia wa pili na wa tatu, na siku mabaya yanapomfika anaona Mungu kamwongopea.

Tanga na upepo

Mchukue nahodha wa jahazi. Hakuna anayejua kama yeye kwamba upepo si mali yake. Kaskazi huja kwa wakati wake, kusi nayo huvuma ikachafua bahari katikati ya mwaka, na hakuna nahodha aliyewahi kuugeuza upepo kwa kukunja uso. Na kwa sababu hiyo hiyo huwezi kumpata mtu mwangalifu kuliko yeye. Hukalafati chombo chake, hushona tanga, hungoja msimu, hutazama mawingu, ndipo anaposema bismillahi na kung'oa nanga. Tanga ni lake, upepo si wake, na hachanganyi hesabu hizo mbili. Asiyejua bahari akimwona ameketi kimya nyuma ya chombo, mkono juu ya usukani, atadhani hafanyi kitu.

Waislamu wengi wanaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mmoja wa wakusanyaji wa maneno ya Mtume, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na atawakali, au amwache na atawakali. Akajibiwa: mfunge, kisha utawakali. Imekaririwa sana mpaka haishtui tena. Iko nyingine ya Tirmidhi ambayo watu huitumia kinyume chake, ile ya ndege: lau mngemtegemea Mwenyezi Mungu ipasavyo, angewaruzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na matumbo matupu wakarudi jioni wameshiba. Nimewasikia watu wakiitoa kuwa hoja ya kukaa nyumbani. Hebu isome tena. Ndege hao wanatoka. Katika Sura Aal Imran, aya ya 159, mpango umewekwa wazi: shauriana na watu, ukishaazimia, ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu. Kutawakali kumekuja baada ya kikao na uamuzi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa sala ya hofu, katika Sura An-Nisaa, aya ya 102. Jeshi liko mbele ya adui na wakati wa sala umefika. Kama yupo mtu ambaye angestahili kuambiwa "salini tu, Mungu atawalinda", basi ni Mtume na masahaba zake wakiwa ndani ya sala. Hawakuambiwa hivyo. Waliamrishwa wagawane: kundi moja lisali, na silaha zao wamezishika, kundi jingine lilinde, kisha wapokezane. Aliyetoa amri hiyo ndiye huyo huyo wanayemsalia. Nehemia, alipokuwa akijenga upya ukuta wa Yerusalemu huku maadui wakimnyemelea, alifanya vivyo hivyo. Sura ya 4 inasema walimwomba Mungu wao na wakaweka walinzi mchana na usiku, mambo mawili katika sentensi moja, wala mwandishi haoni haja ya kueleza kwa nini yamekaa pamoja.

Mtu ataniuliza: na ule msemo wa wazee, kwamba jitihada haiondoi kudura? Ni kweli, haiondoi. Lakini wazee waliusema kwa mtu aliyekwisha kujitahidi, ili asijilaumu mambo yalipomwendea kombo. Kumwambia kijana ambaye hajaanza ni kuugeuza kichwa chini.

Na kwa kuwa mji wetu ni wa bahari, naomba nikae kidogo kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa merikebu yenye watu 276. Tufani inawapiga siku nyingi, hawaoni jua wala nyota, matumaini yote ya kuokoka yamekatika. Usiku mmoja malaika anamtokea Paulo na kumhakikishia kwamba merikebu itapotea lakini hakuna mtu atakayekufa. Hiyo ni ahadi ya usalama wa kwanza kabisa, wa mwili, tena imetamkwa waziwazi. Sasa tazama anavyoishi nayo. Mabaharia wanateremsha mashua kwa siri, wakijidai wanakwenda kutia nanga za mbele, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida wa askari kwamba hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Askari wanazikata kamba, mashua inakwenda zake. Kulipokaribia kupambazuka anawasihi wote wale chakula, kwa sababu ni siku ya kumi na nne wanakaa na njaa. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaanza kula. Kisha wanaitupa ngano baharini ili chombo kiwe chepesi. Mwisho wanafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Mtu aliyepewa neno na malaika bado alihesabu mabaharia na bado aliwalisha wasafiri. Ahadi haikumfanya azembee. Ilimpa akili iliyotulia miongoni mwa watu waliokuwa wamepagawa, na akili hiyo ndiyo iliyoona kwamba mashua inaondoka na mabaharia.

Na wale waliozama?

Wale 276 walifika nchi kavu. Tarehe 29 Aprili 1994, hapa kwetu, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo, wakafa watu 272. Walikuwa wafanyakazi wa alfajiri, Waislamu na Wakristo. Bila shaka walikuwemo waliosali alfajiri hiyo hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Hakuna maelezo ya usalama kwa Mungu yanayofaa kusomwa Mombasa ikiwa hayawezi kusimama mbele ya asubuhi hiyo.

Jibu baya kuliko yote ni lile la kutafuta dhambi ya maiti. Lilikuwepo tangu zamani. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawauliza watu kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: je, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: sivyo. Katika Uislamu, hadithi iliyo katika vitabu vya Bukhari na Muslim inamhesabu anayekufa maji, anayekufa kwa tauni na anayeangukiwa na jengo kuwa mashahidi. Yaani aliyezama anatajwa kwa heshima, katika daraja moja na watu wa juu. Anayesimama matangani akadokeza kwamba marehemu angeomba zaidi asingekufa anakwenda kinyume na dini zote mbili kwa mpigo mmoja.

Kuna jibu jingine linalosikika la kicha Mungu, nalo ndilo linaloniudhi zaidi: "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni maneno ya kumfariji mfiwa, na mfiwa akiyasema mwenyewe ni haki yake. Lakini feri ile ilikuwa ya kubeba watu kama 300, na siku hiyo ilibeba kama 400. Hapo kuna kazi ya binadamu, na ina makosa. Kadari haimwondolei mtu dhima yake. Anayeamini kadari na bado akauliza nani aliruhusu watu wazidi, hajapunguza imani hata kidogo.

Sasa kile ambacho vitabu vinasema. Al-Baqara, aya ya 155, inaeleza kwamba waumini watajaribiwa kwa hofu, njaa, upungufu wa mali, wa watu na wa matunda, na bishara njema ni ya wanaosubiri. Msiba umetajwa kabla haujafika, ili ukifika usidhaniwe ni ishara ya kuachwa. Danieli, sura ya 3, ina vijana watatu mbele ya tanuru la moto. Wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wanaongeza maneno manne ambayo wahubiri wengi huyaruka: "Bali kama si hivyo". Asipotuokoa, bado hatutaisujudia sanamu yako. Usalama wao ulikuwa umekamilika kabla hawajajua kama wataungua.

Mombasa ina kaburi linaloeleza hivyo pia. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa mwaka 1844 akiwa na mkewe Rosine mwenye mimba. Julai mwaka huo Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Rosine alizikwa bara, upande wa Nyali. Krapf alikuwa mtu wa sala kupindukia, na alikuwa amekuja kwa kazi aliyoamini Mungu ndiye aliyemtuma. Kama imani ingekuwa kinga ya homa, angekuwa wa kwanza kukingwa. Aliendelea na kazi, ikiwemo ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, jambo alilolianza mwaka ule ule kwa msaada wa kadhi wa hapa Mombasa. Mmisionari na kadhi wameinamia karatasi moja. Ni picha ambayo ningependa itajwe zaidi kuliko inavyotajwa.

Sitaki kuonekana nazikoroga dini mbili ziwe moja. Hapa ndipo zinapoachana. Mwislamu anajiegemeza kwenye kadari, mojawapo ya nguzo sita za imani: lililokupata halikuwa la kukukosa, na lililokukosa halikuwa la kukupata, na aliyeliandika ni Mwingi wa Rehema. Mkristo anajiegemeza kwenye msalaba: Mungu mwenyewe ameonja maumivu na kifo, kwa hiyo hakuna shimo atakalotumbukia mtu akamkosa humo. Ni njia mbili tofauti za kufarijiwa, na mtu akizichanganya hupoteza utamu wa zote mbili. Zinakutana katika jambo moja tu, kwamba hakuna iliyomwambia mwamini kuwa msiba hautagonga mlango wake.

Zaburi ya 91 mlangoni

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, Zaburi ya 91 ilizunguka kwenye simu kama ambavyo shehena ya unga wa bei nafuu haijawahi kuzunguka. "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu atakaa katika uvuli wake Mwenyezi." Ni maneno mazuri na nisingependa mtu ayaache. Lakini ni vyema kujua nani mwingine aliwahi kuyatumia. Katika Mathayo, sura ya 4, anayeinukuu Zaburi hiyo hiyo, ile sehemu ya malaika watakaokuchukua mikononi usije ukajikwaa, ni Ibilisi, akimwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Aya ilikuwa ya kweli, msomaji ndiye aliyekuwa na lake. Yesu alijibu: "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Kwa Waislamu swali lilikuwa chungu zaidi, kwa sababu misikiti ilifungwa, na mwezi Mei Mji wa Kale wote ulizuiwa watu kuingia na kutoka. Wengine waliuliza: tunafungiwaje nyumba ya Mungu kwa kuogopa ugonjwa? Si kukimbia kadari huku? Swali hilo lilikwisha kuulizwa mwaka wa 18 Hijria. Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yaani nchi za Syria, akaambiwa tauni ya Amwas imeingia. Akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba mkubwa na kamanda wa jeshi, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Baadaye Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume iliyolimaliza jambo: mkisikia tauni iko nchi fulani msiingie, na ikitokea nchi mliyomo msitoke kuikimbia. Abu Ubayda alifariki katika tauni hiyo hiyo, na hakuna Mwislamu anayesema alipungukiwa na imani. Umar alirudi Madina, na hakuna anayesema alikuwa mwoga.

Usalama wa kununua

Penye hofu hapakosi mwenye duka. Kuna hirizi za kufunga mkononi, kuna mafuta na maji ya upako, kuna "mbegu" inayopandwa kwa M-Pesa ili Mungu afungue mlango. Maulamaa wametofautiana kuhusu hirizi yenye aya za Kurani peke yake, lakini hakuna mwenye kutegemewa aliyesema kitambaa kina nguvu zake chenyewe. Mkristo naye atatafuta sana kabla hajapata mahali ambapo mitume walitoza ada ya ulinzi. Kipimo changu ni chepesi: kile kinachouzwa kikizidi kuogopesha kuliko kutuliza, yaani ukikivua huwezi kulala, basi hicho hakikukupa usalama, kilikukodishia.

Jina takatifu peke yake halizuii kitu. Wareno walipoanza kujenga ngome yao hapa mwaka 1593 waliipa jina la Yesu. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko risasi, chini ya jina hilo hilo.

Kuogopa si kukufuru

Wapo wanaodhani kwamba mtu anayemtegemea Mungu haogopi, halii, wala hakosi usingizi, na akiyafanya hayo aambiwe "ongeza imani". Wacha tuwatazame waliokuwa na imani. Nabii Yakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni ya Yusuf, na alipolaumiwa alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Mtume alibubujikwa machozi mwanawe Ibrahim alipokufa. Yesu huko Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Hakuna aliyeambiwa na Mungu aongeze imani.

Utulivu wa moyo huja taratibu, na huja kwa njia zinazojulikana. Paulo, akiandika kifungoni, aliwaambia Wafilipi wazipeleke haja zao kwa Mungu kwa kusali na kushukuru, na kilichoahidiwa baada ya hapo ni "amani ya Mungu, ipitayo akili zote". Hakuandika kwamba haja zitatimizwa. Dua ya Nabii Yunus ndani ya tumbo la samaki, ambayo majumbani mwetu husomwa mara nyingi siku za dhiki, haina ombi hata moja. Hasemi "nitoe". Anakiri kwamba hakuna mungu ila Yeye, na kwamba yeye Yunus ndiye aliyekosea. Kutolewa kulifuata, lakini moyo ulikuwa umeshatulia gizani. Na kwa kawaida mtu hafiki hapo peke yake: kuna jirani anayeleta uji, jumuiya inayokuja jioni, safu ya msikitini ambako bega lako linagusana na la mwingine mara tano kwa siku. Kama hofu au huzuni imekushika wiki baada ya wiki, huli wala hulali, nenda ukamwone daktari kama ambavyo ungekwenda kwa malaria. Hilo nalo ni tanga.

Tukirudi Shakahola, ambako waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Nabii Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 19, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu na akamwomba Mungu amwondolee roho yake. Nabii mkubwa, amechoka kuishi, anataka kufa. Kama Mungu angependa kumpokea mtu kwa njaa, nafasi ilikuwa hiyo. Malaika alimgusa akamwambia: "Inuka, ule." Kando yake palikuwa na mkate uliookwa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akamrudia mara ya pili kwa neno lile lile, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mahubiri hayakuwepo. Kilichokuja kwanza kilikuwa chakula na usingizi.

Saumu ya kweli ina mwisho wake. Ya Ramadhani ina magharibi yake kila siku, mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa ya kula, na Mtume aliwakataza masahaba kuunganisha siku kwa siku bila kufuturu. Mwenyezi Mungu mwenyewe anasema katika Al-Baqara, aya ya 195, msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mwalimu wa dini anakufundisha kutawakali au anakufundisha kumjaribu Mungu, usihangaike na ukubwa wa sauti yake wala wingi wa aya anazozijua. Angalia anakwambia uache nini. Akikwambia uache dawa, uwatoe watoto shuleni, uuze shamba na umletee yeye fedha, ukate mawasiliano na ndugu wanaouliza maswali, au ufunge bila futari, huyo anakuvua tanga katikati ya bahari. Mtu mzima ana hiari yake, ingawa ndugu zake nao wana haki ya kumbembeleza. Kwa mtoto hakuna mjadala. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya chakula, makao na matibabu, na uhuru wa kuabudu wa mzazi haufuti haki hiyo. Ukijua nyumba ambayo mtoto ananyimwa chakula au hospitali kwa jina la Mungu, mwarifu chifu au polisi, au piga 116. Ni namba ya kusaidia watoto, haina malipo, na hupokelewa usiku na mchana.